Maisha ya Padri Stefano Kaoze

Wazee wa kando ya mto Lualaba walijua kazi ya shaba muda mrefu kabla ya kuja kwa Wazungu. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, waliondoka vijijini na kwenda vilimani. Huko walichimba mawe ya kijani, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kisha wakavuta mivukuto bila kupumzika. Moto ukiisha kuwa mkali kabisa, jiwe liliyeyuka na shaba ikatiririka, nao wakaimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba ile haikuwa alama ya Kikristo, maana jina la Kristo lilikuwa halijafika katika nchi hii. Ilikuwa mali ya biashara, nayo imeonekana hata katika makaburi ya kale sana kando ya maziwa ya Upemba. Mafundi wa kazi hiyo waliitwa walaji wa shaba, kwa sababu shaba ndiyo iliyowapatia riziki.

Kazi yao ilitaka vitu viwili: moto mkali na subira ndefu. Aliyechoka kuvuta mivukuto kabla ya wakati alibaki na jiwe bovu, si jiwe tena wala si shaba. Wapenzi wakatekumeni, ndivyo ilivyo pia katika mambo ya roho. Mkristo hafanyiki kwa siku moja, wala padri hafanyiki kwa mwaka mmoja. Habari zinazofuata ni za mtu aliyekaa katika masomo, sala na majaribu kwa muda wa yapata miaka 18, mpaka akawa padri wa kwanza mzaliwa wa Kongo katika nyakati zetu. Jina lake ni Stefano Kaoze.

Nchi alimozaliwa

Kutoka Kolwezi mpaka kwao Kaoze ni safari ya mbali kuelekea mashariki, hadi ziwa la Tanganyika. Hata hivyo nchi hizo mbili ni ndugu. Zamani zote mbili zilihesabiwa katika Katanga, na maji yake huungana: mto Lukuga hutoka katika ziwa la Tanganyika na kumwaga maji yake katika Lualaba, mto ule ule upitao karibu na Kolwezi. Upande wa kusini-magharibi wa ziwa hilo kuna milima iitwayo Marungu. Huko ndiko wakaako Watabwa, na huko ndiko alikozaliwa Kaoze, kati ya mwaka 1885 na mwaka 1890. Hakuna aliyeandika siku ya kuzaliwa kwake, maana katika siku zile watoto wa vijijini hawakuandikwa katika vitabu.

Miaka ile ilikuwa miaka ya hofu. Katika nchi ya shaba, huko Bunkeya, alitawala Msiri, aliyefanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa, mpaka alipouawa mwezi Desemba 1891. Kando ya ziwa, magenge ya wateka-watu yalipita kutoka kijiji hadi kijiji. Mtu aliweza kulala akiwa na watoto watano na kuamka hana hata mmoja. Watu walijenga maboma ya miti, na wengine walikimbilia milimani.

Kati ya mambo hayo mbegu ya Injili ilipandwa. Mwaka 1883 afisa mmoja Mbelgiji, jina lake Emile Storms, alijenga ngome pwani ya ziwa, mahali palipoitwa Mpala kwa jina la chifu wa pale. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, wakaifanya kuwa misioni. Mwaka 1887 akafika Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, naye akawalinda watu dhidi ya wateka-watu. Hakurudi tena kwao. Alioa mwanamke wa nchi ile, akazeeka huko, akafa mwaka 1927, na mpaka leo watu wa ziwani wanamkumbuka kwa heshima.

Ndiyo sababu Mpala ilijaa watu wa kila kabila: wenyeji wa ziwani, wakimbizi, na watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, walifundishwa dini kwa Kiswahili. Hivyo lugha ile ile iliyotumiwa na wafanya biashara ya watu ikawa lugha ya katekisimu, ya sala na ya nyimbo za Kanisa. Mwenyezi Mungu huweza kukigeuza chombo cha uovu kiwe chombo cha wokovu.

Shule ya Kilatini

Mwaka 1892 alifika Mpala padri mmoja Mbelgiji, Victor Roelens, aliyezaliwa mwaka 1858 katika mji mdogo wa Ardooie. Mwaka 1896 aliwekwa wakfu kuwa askofu, apate kuongoza Kanisa katika nchi yote ya Kongo ya Juu. Askofu huyo alikuwa mtu mkali, mwenye kupenda kazi na utaratibu. Alitazama ukubwa wa nchi na uchache wa mapadri wake. Aliona wamisionari wakifa kwa homa wakiwa bado vijana, akatambua kwamba Kanisa ambalo mapadri wake wote hutoka ng'ambo ya bahari ni kama nyumba iliyojengwa juu ya nguzo za kuazima. Siku mwenye nguzo akizitaka, nyumba itaanguka.

Basi, mwaka 1899 alifungua Mpala shule ndogo ya Kilatini. Hiyo ndiyo iliyokuwa seminari ndogo ya kwanza katika sehemu hizo. Haikuwa shule ya serikali, wala haikuwa na majumba makubwa. Ilikuwa na mapadri wachache, vitabu vichache na kundi dogo la wavulana. Miongoni mwao alikuwamo Kaoze, ambaye katika ubatizo aliitwa Stefano, kwa heshima ya shahidi wa kwanza wa Kanisa.

Huenda mkatekumeni wa leo akauliza: kwa nini Kilatini, lugha isiyosemwa na mtu yeyote katika Marungu wala katika Lualaba? Sababu ni hii. Katika siku zile Misa Takatifu iliadhimishwa kwa Kilatini duniani kote, na vitabu vya mafundisho ya mapadri viliandikwa kwa lugha hiyo. Ruhusa ya kuadhimisha Misa katika lugha za watu ilikuja baadaye, kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia mwaka 1962 hadi mwaka 1965. Aliyetaka upadri alipaswa kwanza kuupita mlango wa Kilatini. Pamoja nacho wavulana walijifunza hesabu, historia, Maandiko Matakatifu na nyimbo. Tena walifanya kazi za mikono, ili wasije wakafikiri kwamba mtu aliyesoma haruhusiwi kushika jembe.

Mashaka yalikuwa mengi, nayo yalitoka pande mbili. Wazungu wengi wa siku zile, hata baadhi ya wale waliolipenda Kanisa, walisadiki kwamba Mwafrika hawezi kufahamu falsafa na teolojia, wala hawezi kuishi bila mke. Kwa upande wa wazazi na ukoo, jambo hilo lilikuwa gumu vilevile. Kwa Watabwa, kama kwa Wasanga na Walunda, mtu asiyeacha mtoto ni kama moto uliozimika usiku. Ni nani atakayelichukua jina lake? Ni nani atakayewakumbuka wazee wake? Kumwacha kijana mwenye akili aende akae bila mke maisha yake yote kulionekana kuwa hasara ya ukoo mzima.

Kwa hiyo wengi waliacha njia. Wengine walishindwa na masomo, wengine waliitwa na ndugu zao, wengine waliona kwamba wito wao ni ndoa. Wala tusiwahukumu. Kijana aliyetoka seminarini baada ya kujifunza kusoma, kuandika na kusali aliweza kuwa katekista mwema au mwalimu mwema, na Kanisa liliwahitaji hao pia. Lakini Kaoze alibaki. Mwaka ulipita, na mwaka mwingine ukapita, naye akabaki. Baadaye shule ile ilihamishiwa katika misioni ya Lusaka, katika nchi ile ile ya Kongo, nayo iliendelea kulea wavulana wengine kwa miaka mingi.

Kijana na vitabu vyake

Baada ya masomo ya Kilatini, yapata mwaka 1905, Kaoze alipelekwa Baudouinville aendelee na falsafa na teolojia. Baudouinville ilikuwa misioni kubwa iliyoanzishwa mwaka 1893 juu ya kilima, kusini mwa Mpala. Siku hizi mahali hapo huitwa Kirungu, karibu na Moba. Huko ndiko Askofu Roelens alikokuwa na makao yake, na huko ndiko ilikozaliwa seminari kubwa.

Tufikiri kidogo juu ya upweke wa mwanafunzi huyo. Wenzake wengi wa utoto walikuwa wamekwisha oa, na watoto wao walikwisha anza kukimbia uwanjani. Yeye alikaa mbele ya vitabu vilivyoandikwa na watu wa mbali, kwa lugha za mbali, akijitayarisha kwa kazi ambayo hakuna mtu wa nchi yake aliyekuwa ameifanya mbele ya macho yake. Hakuwa na kaka wa kumwuliza njia. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuikanyaga nyasi.

Hata hivyo elimu ile haikumfanya awasahau watu wake. Katika miaka ya 1910 na 1911, kabla hajawa padri, maandishi yake juu ya roho na akili ya Wabantu yalichapwa kwa Kifaransa katika gazeti moja la Ubelgiji lililoitwa La Revue congolaise. Padri Arthur Vermeersch, mwalimu mwenye sifa wa shirika la Wajesuiti, ndiye aliyeyatanguliza kwa wasomaji. Katika maandishi hayo kijana wa Marungu aliwaeleza Wazungu jinsi watu wake wanavyofikiri, na jinsi wanavyotambua mema na mabaya. Huhesabiwa kuwa ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa yaliyoandikwa kwa Kifaransa na Mkongomani.

Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Wakati ule watu wengi wa Ulaya waliandika habari za Waafrika kama mtu aandikavyo habari za wanyama wa porini, bila kuwauliza neno. Sasa Mwafrika mwenyewe alishika kalamu. Hakujibu kwa hasira wala kwa matukano. Alijibu kwa kuonyesha kwamba anafikiri, na kwamba wazee wake nao walifikiri. Kazi hiyo hakuiacha. Baadaye alikusanya pia masimulizi ya kale ya nchi yake, hasa habari za Bena-Kilunga, ili yasipotee pamoja na wazee waliokuwa wakifa. Alijua kwamba ubatizo huosha dhambi, lakini hauoshi jina la ukoo wala hekima njema ya mababu.

Siku ya upadirisho

Mwaka 1914 vita kuu ilianza Ulaya, nayo ilifika mpaka ziwa la Tanganyika, kwa maana Wabelgiji walikuwa upande mmoja wa ziwa na Wajerumani upande wa pili. Meli za vita zilipigana majini, na vijana wengi walilazimishwa kuwa wapagazi wa majeshi. Mwaka 1916 majeshi yaliyotoka Kongo yalivuka na kuingia Kigoma, kisha Tabora. Wapagazi wengi hawakurudi makwao.

Katika siku hizo za huzuni, tarehe 21 Julai 1917, Kanisa la Kongo liliona furaha kubwa. Huko Baudouinville, Askofu Roelens alimwekea Stefano Kaoze mikono juu ya kichwa na kumpa daraja takatifu la upadri. Mtoto aliyezaliwa katika siku za watumwa aliinuka akiwa kuhani wa Mungu aliye hai. Tangu siku ile mikono ya Mtabwa iliweza kuuinua Mwili wa Bwana, na kinywa chake kiliweza kuwaondolea watu dhambi kwa jina la Kristo.

Inafaa wakatekumeni wajue habari hii sawasawa. Kaoze hakuwa Mkongomani wa kwanza kabisa kupata upadri tangu mwanzo wa dunia. Katika ufalme wa kale wa Kongo, upande wa bahari ya magharibi, Henrique, mwana wa mfalme Afonso, alifanywa askofu katika karne ya 16. Lakini mbegu hiyo ya kale ilikauka kwa biashara ya watumwa na kwa vita, na kwa muda mrefu hapakuonekana tena mapadri wazawa katika nchi hizi. Kaoze ni wa kwanza katika Kanisa lililoanzishwa upya na wamisionari wa karne ya 19.

Wala hakuwa peke yake katika Afrika. Uganda ilikuwa imewapata mapadri wake wawili wa kwanza, Basil Lumu na Victor Mukasa, tarehe 29 Juni 1913. Wiki chache tu baada ya Kaoze, tarehe 15 Agosti 1917, vijana wanne walipadirishwa huko Rubya, katika nchi ya Bukoba. Mwezi Oktoba wa mwaka ule ule Rwanda nayo ilipata wawili, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho. Wakati wafalme wa Ulaya walipokuwa wakiwamaliza vijana wao kwa mizinga, Mwenyezi Mungu alikuwa akiwasha taa mpya pembeni mwa maziwa yetu.

Mchungaji wa watu wake

Mtu angeweza kufikiri kwamba baada ya siku ile mambo yote yalikuwa mepesi. Sivyo. Padri Kaoze alirudi katika kazi ya kila siku ya mchungaji: kuadhimisha Misa, kufundisha, kuungamisha, kuwazuru wagonjwa na kupatanisha waliogombana. Alitazamwa na macho mengi. Kama padri wa Ulaya akikosa, watu husema padri fulani amekosa. Kama Kaoze angekosa, wangesema Waafrika wote wameshindwa. Mzigo huo aliuchukua kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1919 Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 aliandika barua kwa Kanisa lote juu ya kazi ya misioni, iitwayo Maximum Illud. Aliagiza mapadri wazawa walelewe vizuri na kwa ukamilifu, wasifanywe wasaidizi wa wageni tu, bali watayarishwe kuongoza siku moja watu wao wenyewe. Mambo ambayo Mpala ilianza kuyajaribu mwaka 1899 kwa vitabu vichache, sasa yaliagizwa na Roma kwa dunia nzima. Muda mfupi baadaye Padri Kaoze alisafiri mpaka Ulaya pamoja na askofu wake, na watu wa huko wakamwona kwa macho yao padri aliyetoka Kongo.

Katika miaka ya 1930 alikabidhiwa misioni ya Kala, katika milima ya kwao. Hapo mapadri Waafrika walionyesha kwamba wanaweza kuendesha misioni, kutunza mali yake na kulea Wakristo wake bila kushikwa mkono na mgeni.

Mwaka 1947 serikali ya koloni ilimwita akae katika Baraza la Serikali, mkutano mkubwa wa kumshauri Gavana Mkuu. Alikuwa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kuketi humo. Wakumbuke wasomaji jinsi mambo yalivyokuwa wakati ule. Mkongomani hakuwa na kura. Katika miji ya shaba, Elisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Lubumbashi na Likasi, na katika Kolwezi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, Mwafrika alikaa mtaa wake na Mzungu mtaa wake. Katika nchi ya namna hiyo, mwana wa Marungu aliketi katika baraza la wakubwa. Kiti kimoja hakikutosha kuondoa udhalimu wa nchi nzima. Lakini aliyekaa katika kiti hicho alikuwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kusema juu yake kwamba hana elimu au hana adabu.

Mwaka ule ule wa 1947 Askofu Roelens, mzee wa miaka 89, alifariki Baudouinville. Padri Kaoze naye aliitwa na Mungu mwezi Machi 1951. Hakuona siku ambayo Mkongomani mwenzake alifanywa askofu. Siku hiyo ilikuja mwaka 1956, Pierre Kimbondo alipowekwa wakfu. Hakuona uhuru wa nchi mwaka 1960. Hakuona Kolwezi ikifanywa jimbo la Kanisa mwaka 1971. Alipanda tu, na wengine wakavuna. Ilipofika mwaka 2017, miaka 100 tangu kupadirishwa kwake, Kanisa la Kongo lilifanya sherehe ya shukrani, na mapadri waliozaliwa katika nchi hii hawakuweza tena kuhesabiwa kwa vidole.

Mafundisho kwetu

Maisha ya Padri Kaoze yawafundisha nini wakatekumeni wa vijiji vya Lualaba?

Kwanza, tusione uchungu kungoja. Kardinali Lavigerie aliwaamuru Mapadri Weupe wasimbatize mtu mzima upesi, bali wamjaribu kwa miaka minne. Wengi walinung'unika wakati ule, na leo pia wapo wanaonung'unika wakiambiwa wangoje mwaka mwingine kwa sababu ndoa yao haijanyoka, au kwa sababu hawajaacha uganga. Kungoja si adhabu. Wakati wa kungoja ndio wakati wa moto, na pasipo moto jiwe hubaki jiwe.

Pili, tusidharau shule. Siku hizi vijana wengi wa nchi yetu, hata watoto, huacha masomo na kushuka katika mashimo kutafuta shaba na kobalti, ili wapate fedha jioni ile ile. Njaa ni kali, wala si haki kumlaumu maskini. Lakini wazazi wajiulize: mtoto akiingia shimoni leo, ni nani atakayekuwa mwalimu kesho, na mganga wa hospitali, na padri? Madini yana mwisho. Fedha ya jioni hutumika usiku. Elimu iliyopandwa katika mtoto hudumu baada ya shimo kufukiwa.

Tatu, tusiogope kumtolea Mungu mtoto wetu. Ukoo wa Kaoze haukupata wajukuu kwake. Lakini leo jina lake hutajwa katika nchi yote ya Kongo, na watu ambao si wa damu yake humwita baba. Moto ule ambao wazee waliogopa kwamba utazimika, uliwasha mioto mingine.

Nne, tusione haya kwa asili yetu. Kaoze alisali kwa Kilatini, akaandika kwa Kifaransa, akafundisha kwa Kiswahili, wala hakuacha kuwauliza wazee wa Marungu habari za kale. Mkristo mwema hatupi hekima ya mababu. Huipeleka mbele ya Kristo, ili yaliyo safi yabaki na yaliyo machafu yaungue.

Tumwombe Mwenyezi Mungu, aliyemwita Stefano Kaoze kutoka milima ya Marungu, awaite pia vijana wa Kolwezi, wa Lubudi, wa Bunkeya na wa vijiji vyote vya Lualaba, awape moyo wa kusikia na subira ya kudumu mpaka mwisho. Amina.

Maswali ya kuzungumza pamoja na katekista

1. Kwa nini Askofu Roelens alitaka mapadri wazaliwa wa nchi?
2. Ni mashaka gani mawili yaliyokuwa kizuizi kwa wavulana wa Mpala? Je, mashaka hayo yamekwisha katika kijiji chetu?
3. Mwaka 1917 ulikuwa mwaka wa vita. Ni furaha gani Kanisa lilipata katika mwaka huo, hapa Kongo na kwa jirani zetu?
4. Ikiwa padri atakuambia ungoje mwaka mmoja zaidi kabla ya ubatizo, utamjibu nini, nawe utautumiaje mwaka huo?
5. Katika ukoo wako yuko mtoto aliyeacha shule? Familia yenu yaweza kufanya nini ili arudi?